Iulizeni kadi ya waifai kabla ya kulipa: barua ya wazi kutoka Mitaboni

Kwa Mamlaka ya TEHAMA; kwa idara ya TEHAMA ya Serikali ya Kaunti ya Machakos; kwa kamati ya NG-CDF ya Kathiani; na kwa bodi zote za shule na vyuo zinazonunua kompyuta kwa pesa za umma.

Waheshimiwa,

Natengeneza kompyuta na kuendesha saiba ndogo hapa Mitaboni. Nawaandikia kuhusu kipande cha sakiti chenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30. Ndiyo kadi ya waifai ya laptopu nyingi za siku hizi. Katika karatasi za zabuni ninazobahatika kuzisoma, kila kiungo cha kompyuta kimeandikiwa mstari wake: skrini inchi ngapi, memori gigabaiti ngapi, diski ya aina gani, betri ikae saa ngapi. Akifika kwenye kadi ya waifai mwandishi huwa amechoka. Huandika kwamba kompyuta iwe na waifai, basi, akapita. Ombi langu lote liko kwenye mstari huo.

Kwa nini sasa, mnajua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Windows 11 nayo haipokei kila mashine: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Sasa tazameni laptopu zinazotoka Nairobi kuja Machakos, zikapandishwa matatu kupitia Mutituni hadi huku kwetu. Nyingi ni mitumba iliyotumika maofisini Ulaya, HP na Dell na Lenovo za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Bado ni nzima. Kibodi zake zinastahimili kupigwa na watoto kuliko za laptopu mpya za bei hiyo hiyo. Kilichokwisha ni ulinzi wa programu iliyo ndani yake.

Dawa ya mashine hizo ipo na haiuzwi: mfumo endeshi wa programu huria, Ubuntu au Debian au Linux Mint, iliyojengwa juu ya kiini ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Unaiweka kwenye flashi, unawasha laptopu kwa flashi hiyo, na kabla chai haijapoa mashine iliyokuwa inakokota miguu inafunguka upya. Skrini iko sawa, sauti iko sawa, printa imetambuliwa yenyewe. Kisha mteja anainua macho kwenye pembe ya skrini kutafuta alama ya waifai, na haipo.

Asiyekaa saiba anaweza kuliona dogo. Lakini tangu Juni 2023 serikali yenyewe imehamishia huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anataka kuchagua kozi KUCCPS. Mama mwenye duka anataka kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni kumpita. Dereva anataka huduma za NTSA. Hakuna hata mmoja kati yao anayekuja kwangu kuandika barua tu na kuihifadhi. Kompyuta isiyoshika mtandao, kwa mahitaji ya mwananchi wa leo, ni taipureta yenye taa.

Sasa niruhusuni nieleze kinachotokea ndani, maana hapa ndipo pesa za umma hupotea bila mtu kuiba.

Kadi ya waifai inahitaji vitu viwili ili iongee. Cha kwanza ni draiva, sehemu ya programu inayokaa kwenye kiini cha mfumo na kujua namna ya kuiamuru kadi. Cha pili ni fimuwea, programu ndogo ya kadi yenyewe. Kadi nyingi hazihifadhi fimuwea yao. Kila zikiwashwa huwa tupu, zinangoja mfumo uzipakie faili hilo kutoka kwenye diski. Kikikosekana kimoja kati ya viwili, kadi iko pale, umeme unaifikia, ila haifanyi lolote. Ni posho mill yenye injini nzima na mawe mazima, lakini haina mkanda.

Kila kadi ina nambari zake za utambulisho, na huhitaji kufungua mashine kwa bisibisi kuzisoma. Ukiandika amri ya lspci -nn, Linux inakutajia nambari mbili zenye nukta pacha katikati. Ya kwanza ni ya mtengenezaji wa chipu: 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, na 8086 ni Intel, waliojichagulia jina la prosesa yao maarufu ya mwaka 1978. (Wahandisi nao wana majivuno yao.) Ya pili inataja chipu yenyewe. Mimi nikishaziona nambari hizo najua kama jioni hiyo nitafunga duka mapema au la.

Nikiona 8086, mara nyingi kazi imekwisha. Intel huruhusu faili za fimuwea yake zisambazwe na mtu yeyote, na draiva yake imo ndani ya kiini cha Linux. Nikiona 10ec, nauliza mwaka. Chukueni kadi ya Realtek yenye nambari 10ec:c821, ambayo imejaa kwenye laptopu za bei nafuu. Ubuntu ya Aprili 2020 ilipotoka haikuwa na draiva yake ndani ya kiini. Ya Aprili 2022 ilikuwa nayo. Kadi ni ile ile na laptopu ni ile ile, ila fundi wa mwaka 2020 alihangaika, na wa 2022 hakujua hata kwamba kulikuwa na tatizo.

Nikiona 14e4 navuta kiti. Kwa miaka mingi Broadcom haikutoa maelezo ya chipu zake za waifai kwa watu wa programu huria. Wahandisi wa kujitolea waliichunguza draiva iliyofungwa ya kampuni hiyo amri kwa amri hadi wakajua inavyoongea na chipu, kisha wakaandika draiva yao wenyewe, b43. Fimuwea hawakuwa na ruhusa ya kuisambaza, kwa hiyo mtumiaji alilazimika kuichomoa mwenyewe kutoka ndani ya faili za kampuni kwa kutumia programu ya pembeni. Septemba 2010 kampuni hiyo ilitoa draiva huria ya baadhi ya chipu zake mpya, jambo la kushukuriwa, ila si chipu zote zilizoingia humo. Ile yenye nambari 14e4:4365, inayopatikana kwenye laptopu nyingi za kati ya 2013 na 2015, hadi leo inategemea draiva iliyofungwa ambayo hakuna mtu wa nje anayeweza kuirekebisha ndani. Na laptopu za miaka hiyo ndizo hizo zinazoletwa Mitaboni.

Hata watu wa programu huria wenyewe walibishana juu ya faili hizi. Debian kwa miaka mingi ilikataa kuweka fimuwea isiyo huria kwenye flashi yake rasmi, kwa sababu ya msimamo. Mimi nauheshimu msimamo huo. Lakini kwa mtu wa Mitaboni maana yake ilikuwa moja: ili kadi ifanye kazi unahitaji faili, faili liko kwenye intaneti, na intaneti inapitia kwenye kadi. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura wakabadili utaratibu, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa la kwanza kubeba fimuwea hizo ndani ya flashi rasmi. Nimewaona wengi wakiandika kuhusu kura hiyo kama ugomvi wa falsafa. Huku kwetu ilipunguza safari za kwenda Machakos mjini.

Kuna njia ya mkato ambayo kila fundi anaijua, na nawapa bure. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya. Draiva ya njia hiyo imo kwenye kiini siku nyingi. Kwa bando la simu unapakua kinachokosekana, unawasha upya, waifai inatokea. Nimeokoa laptopu nyingi hivyo. Lakini muone inavyomwangukia mwananchi: kompyuta imenunuliwa kwa kodi, na bando la kuiamsha linatoka mfukoni mwa mwalimu.

Na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani kadi ikishafanya kazi leo mambo yamekwisha. Hapana. Draiva ziko za aina mbili. Kuna zilizo ndani ya kiini cha Linux, zinazosafiri nacho: kiini kikibadilishwa, aliyekibadilisha ana wajibu wa kurekebisha na draiva zilizomo. Kuna zilizo nje, ambazo fundi anazipakua na kuzijenga kwenye mashine moja moja. Hizi za nje hulazimika kujengwa upya kila kiini kinapopata toleo jipya, na siku moja zinagoma. Zaidi ya hayo, kompyuta yenye ulinzi wa Secure Boot huikataa draiva isiyotiwa sahihi, na kuitia sahihi ni kazi ambayo mwalimu wa historia aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta hapaswi kuifanya.

Kuna chumba kimoja cha umma, sitakitaja, ambacho laptopu zake zilinunuliwa pamoja, jina moja, nambari ya modeli moja, katoni zinafanana. Ndani yake nusu zina kadi ya Intel na nusu zina kadi nyingine iliyohitaji draiva ya nje. Tuliziweka Linux zote, zikashika waifai zote, watu wakapiga picha. Likizo ikaja. Waliporudi na mashine kujisasisha, nusu zilikuwa kimya. Walioshika funguo walisema Linux imeharibika. Linux haikuwa imeharibika; ni ununuzi uliokuwa umefanywa bila kuuliza swali moja.

Msidhani kutaja jina la kampuni kwenye zabuni kutawasaidia. Mfano unaojulikana duniani ni kidude cha USB cha TP-Link kiitwacho TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros ambayo Linux iliitambua papo hapo, na mafundi wakakisifu kila mahali. Toleo la pili likaja na jina lile lile kwenye boksi, lakini chipu ikawa ya Realtek, na waliokinunua kwa sifa za kwanza wakajikuta wanatafuta draiva. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kampuni hubadili chipu kufuata bei, na jina la nje hubaki. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue kidude gani Luthuli, Nairobi, namwambia aulize chipu, na muuzaji wa Luthuli, kwa haki yake, mara nyingi hajui.

Wala kubadilisha kadi si jibu la kila mahali. Zipo laptopu za zamani za HP na Lenovo ambazo BIOS yake ina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Ukichomeka nyingine, mashine inakataa kuwaka. Na kwa mpya kuna mtego mwingine: kadi ya Intel AX201 inafanana kwa macho na AX200, lakini hiyo ya kwanza hufanya kazi tu kwenye mashine ambayo prosesa yake imeandaliwa kuipokea. Nimeuziwa uzoefu huo kwa bei kamili.

Mtaniambia, fundi, hayo ni mambo ya watengenezaji, sisi tutaamuru vipi kampuni za Marekani na Taiwan? Mtaamuru kwa sababu nyinyi ni wanunuzi wakubwa. Katika mpango ulioanza mwaka 2016 wa kuwapelekea wanafunzi wa shule za msingi vifaa vya kidijitali, serikali ilifanya kazi na miungano iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha JKUAT na Chuo Kikuu cha Moi, na vifaa vilivyosambazwa vilipita milioni moja. Mnunuzi wa vifaa milioni moja akiuliza swali, muuzaji hutafuta jibu. Sasa vimeahidiwa vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450 za nchi, na wadi ya Mitaboni ni mojawapo. Kila kituo kitahitaji kompyuta. Lakini mimi peke yangu nikiuliza dukani Moi Avenue chipu ni ipi, naambiwa ninunue au nipishe wengine.

Tena serikali tayari inaikagua kadi hii. Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha vifaa vya redio kabla havijauzwa nchini, na waifai ni redio. Inahakikisha mawimbi yake hayavurugi ya jirani, na hilo ni jema. Hata orodha ya kanuni za masafa ambayo Linux hutumia ina mstari wa Kenya, kwa herufi KE. Kwa hiyo mtu fulani ofisini huishika karatasi ya kadi hiyo mkononi, na jina la chipu limeandikwa humo. Halifiki tu kwa anayeandika zabuni ya shule.

Sheria haiwazuii. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 60, inataka mahitaji yaandikwe kwa uwazi na kwa kuangalia utendaji, bila kumpendelea mwenye jina fulani la biashara. Ninachoomba ni utendaji mtupu. Sisemi nunueni Intel. Nasema kadi yoyote, ya yeyote, mradi draiva yake imo ndani ya kiini cha Linux na fimuwea yake inaruhusiwa kusambazwa. Realtek za miaka ya karibuni nyingi zitapita mtihani huo.

Nasikia tayari mtu mmoja mezani akisema: si mvute waya? Kwa chumba cha kompyuta kisichohama, nakubaliana naye kabisa. Waya ni bora, ni imara, na ningeupendelea. Lakini laptopu nyingi mpya hazina tundu la waya wa mtandao, na ruta ya shule hukaa ofisi ya mkuu, ng'ambo ya uwanja. Mwingine atasema Linux ni kitu cha wageni, watu wetu hawataiweza. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Miaka ishirini na zaidi imepita. Wateja wangu wenye miaka sitini wanafungua kivinjari, wanaingia eCitizen, wanalipa, wanatoka. Wengi hawajawahi kuniuliza mfumo ni upi. Huuliza tu kama mtandao upo.

Maneno ninayopendekeza muyaingize kwenye kila zabuni ya kompyuta ni haya, na mwanasheria wenu anaweza kuyanyoosha:

"Mzabuni ataje mtengenezaji na nambari ya utambulisho ya chipu ya waifai kwa kila modeli, na chipu hiyo isibadilishwe ndani ya shehena moja bila idhini ya maandishi. Kadi ifanye kazi kwa draiva iliyomo ndani ya kiini rasmi cha Linux na kwa fimuwea inayoruhusiwa kusambazwa, bila kupakua kitu chochote cha ziada. BIOS isizuie kadi kubadilishwa."

Upande wa mapokezi, kifungu cha 48 cha sheria hiyo hiyo kimeweka kamati ya ukaguzi na upokeaji. Kamati hiyo isihesabu katoni pekee. Ichague mashine kutoka katoni tofauti, iziwashe kwa flashi ya Linux bila kugusa diski, itazame kama waifai inatokea na kama nambari zinalingana na zilizoandikwa. Ikishindikana, shehena irudi kabla ya sahihi kutiwa, wakati pesa bado ziko upande wenu.

Kwa mashine ambazo zimeshanunuliwa, naomba jambo moja jepesi: kila shule ibandike chini ya kila laptopu nambari ya kadi yake ya waifai. Mwanafunzi wa somo la kompyuta anaweza kuifanya kazi hiyo, na itamfunza kitu. Orodha ikifika kwenye kaunti, mtaona wenyewe zipi zitapokea mfumo huria bila shida, zipi zinafaa kubadilishiwa kadi, na zipi ziwekwe karibu na waya.

Flashi ya majaribio ninayo, ina Debian 13 na Ubuntu 24.04. Kamati yoyote ya eneo bunge la Kathiani inayotaka kupima kompyuta kabla ya kuipokea inaweza kuja nayo sokoni Mitaboni au kuniita nifike. Sitatoza.

Wenu mtiifu,
Fundi wa kompyuta, Mitaboni